Mchumia Juani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchapakazi wa Wamarekani Vitabuni na Kwenye Filamu

Ninafundisha fasihi, na kila mwezi ninakaa na kikundi kidogo cha watu wazima kusoma riwaya na kutazama filamu. Tulipoingia kwenye kazi za Wamarekani, maswali yaleyale yalirudi kila kikao, kwa hiyo nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache. Mengine yamenishika, nikakaa nayo.

Tunaposema "uchapakazi wa Wamarekani" tunamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha imani kwamba kazi ngumu ni wema wenyewe, na kwamba mtu yeyote akijituma atafika, hata kama alizaliwa bila kitu. Sisi tunasema mchumia juani hulia kivulini. Wao husema jambo hilohilo, kisha mara nyingi huongeza kipande cha pili: kwamba aliyekaa kivulini bila shaka alichuma, na aliyebaki juani hadi uzeeni bila shaka hakuchuma vya kutosha. Kipande hicho cha pili ndicho chenye sumu. Waandishi wao bora wamekuwa wakipambana nacho kwa karibu miaka 200.

Jina la "ndoto ya Kimarekani" lilienezwa na kitabu cha mwanahistoria James Truslow Adams cha mwaka 1931, wakati mamilioni ya watu nchini humo walikuwa wakitafuta kazi bila kuipata.

Je, chimbuko lake ni dini?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali kutoka Uingereza waliovuka bahari kwenda New England katika karne ya 17 waliamini kwamba kila mtu ana wito wake kutoka kwa Mungu, awe mhubiri au mshona viatu, na kwamba kuchezea muda ni dhambi. Huko Jamestown, Virginia, Kapteni John Smith aliwakumbusha walowezi wenye njaa neno la Paulo kwa Wathesalonike: asiyetaka kufanya kazi, asile. Neno hilo limesafiri mbali. Hata Katiba ya Muungano wa Kisovieti ya 1936 ililitumia.

Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, katika maandishi yake ya 1904 na 1905, alidai kwamba tabia hiyo ya kidini ndiyo iliyolea roho ya ubepari. Mfano aliouchukua kuonyesha roho hiyo ni Benjamin Franklin, mchapaji, mwanasayansi na mmoja wa waasisi wa Marekani.

Kwa nini kila mtu anaanza na Franklin?

Kwa sababu yeye ndiye aliyeiandika hadithi hii kwa mara ya kwanza, na aliiandika vizuri. Alizaliwa Boston mwaka 1706, baba yake akitengeneza mishumaa na sabuni. Akawa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, akatoroka, akafika Philadelphia mwaka 1723 akiwa na fedha kidogo sana mfukoni. Katika tawasifu yake anaorodhesha maadili 13 aliyojipima nayo kila siku, bidii ikiwa mojawapo, na anachora ratiba ya siku inayoanza saa 11 alfajiri kwa kujiuliza: leo nitatenda jema gani?

Kuna kipande kimoja ambacho huwa nakisoma kwa sauti kikundini. Franklin anaeleza jinsi alivyokuwa akisukuma mwenyewe toroli la karatasi barabarani ili watu wamwone. Anakiri wazi: alijitahidi kuwa mchapakazi, na pia alijitahidi *kuonekana* mchapakazi. Kwa mfanyabiashara kijana anayehitaji mkopo, macho ya majirani yalikuwa mtaji.

Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita: aliacha uchapaji mwaka 1748, akiwa na umri wa miaka 42, ili apate muda wa sayansi na mambo ya umma. Kwake kazi ilikuwa njia ya kufikia kivuli. Ni warithi wake walioifanya kuwa mwisho wa safari. Na nyumbani kwake walikuwamo watumwa, ingawa uzeeni aliongoza chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Hilo linatupeleka kwenye swali la baadaye, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote.

Zile hadithi za kijana maskini anayekuwa tajiri: ni bidii au bahati?

Zisome polepole utaona bahati imejaa tele. Mwandishi aliyezifanya maarufu ni Horatio Alger, na kitabu chake cha *Ragged Dick* cha 1868 ndicho mama yao. Dick ni mtoto wa mtaani New York, mpiga rangi viatu. Ana bidii, ni mwaminifu, anaweka akiba. Lakini kinachompatia kazi ya ukarani ni mtoto mdogo aliyetumbukia majini kutoka kwenye kivuko. Dick anajirusha na kumwokoa, na baba wa mtoto anageuka kuwa mfanyabiashara mwenye nafasi ofisini kwake. Wala hawi milionea. Anapanda hadi kuwa karani mwenye mshahara wa kueleweka. Watu waliokuja baadaye ndio walioikuza hadithi kuliko mwandishi mwenyewe.

Kisha msome F. Scott Fitzgerald, *The Great Gatsby*, 1925. Mwishoni, baba yake Gatsby anatoa kitabu cha zamani cha mwanawe kilichoandikwa ratiba kwenye ukurasa wa nyuma: kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi ya viungo, kusoma habari za umeme, kazi, kujifunza kuzungumza vizuri, kuweka akiba ya dola 3 kwa wiki. Ni ratiba ya Franklin iliyoandikwa upya na mtoto wa shamba. Mtoto huyo alipata utajiri kwa kuuza pombe ya magendo, na siku ya maziko yake karibu wote waliokula na kunywa kwake hawakuja. Baba bado anaionyesha ile karatasi kwa fahari. Sijui ukurasa mwingine wa Kimarekani unaoniumiza kama huo.

Mnazungumza uchapakazi, na watumwa je? Wao hawakuchapa kazi?

Aliyeuliza swali hili mara ya kwanza ni muuguzi mstaafu, na kikundi kizima kilinyamaza. Walichapa. Mashamba ya pamba na tumbaku yalijengwa kwa migongo yao. Ndiyo maana kitabu ambacho mimi ningekiweka mbele ya Franklin ni simulizi ya maisha ya Frederick Douglass ya mwaka 1845.

Douglass alikuwa mtumwa Baltimore, akajifunza ufundi wa kukalafati merikebu, yaani kuziba mianya ya mbao zake maji yasiingie, kazi ambayo watu wa Lamu au Zanzibar hawahitaji kuelezwa. Alifikia ujira wa dola moja na nusu kwa siku, sawa na mafundi hodari. Kila Jumamosi usiku aliupeleka wote kwa bwana wake, Hugh Auld. Bwana anahesabu fedha, anamkazia macho kama mnyang'anyi, anauliza: hizi ndizo zote? Mara nyingine, Douglass akileta dola 6, bwana humpa senti 6 za kumtia moyo. Douglass anasema senti hizo zilimfanyia kinyume: kumpa chochote kulikuwa ni kukiri kwamba zote zilikuwa haki yake.

Alitoroka mwaka 1838. Siku ya tatu baada ya kufika New Bedford alipata kazi ya kupakia mafuta kwenye jahazi. Ilikuwa kazi chafu, ngumu, mpya kwake. Anasimulia kwamba aliifanya kwa moyo mweupe, kwa kuwa sasa alikuwa bwana wa nafsi yake mwenyewe. Kisha anaongeza jambo ambalo wanaopenda miisho mitamu hulikata: alipotafuta kazi yake ya ukalafati katika mji huo huru, mafundi wazungu walikataa kufanya kazi pamoja naye. Ikambidi afanye vibarua vya kila namna.

Kwa Franklin bidii inatafuta macho ya watu. Kwa Douglass swali ni ujira unaingia mkononi mwa nani. Tangu nimsome, kila riwaya au filamu ya kazi ninaiuliza hivyohivyo.

Na Booker T. Washington? Babu yangu alimsifu sana.

Babu yako hakuwa peke yake. Washington alizaliwa mtumwa, akawa mwalimu na kiongozi wa Wamarekani weusi. Katika *Up from Slavery*, tawasifu yake ya 1901, anasimulia mtihani wake wa kuingia shule ya Hampton: mwalimu alimwambia afagie chumba. Alikifagia mara 3, akapangusa vumbi mara 4. Mwalimu akapitisha leso yake kwenye mbao, hakupata hata chembe, akamkubali. Baadaye, kule Tuskegee, Alabama, kwenye shule aliyoiongoza mwenyewe, tanuri la matofali lilishindwa mara 3. Akaweka saa yake rehani, akachoma la nne, likafaulu.

Ni masimulizi yenye nguvu, na yalifika kwetu kwa njia ya wazi kabisa. Tume ya Phelps-Stokes, ya mfuko wa Kimarekani wa kusaidia elimu ya watu weusi, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu ya Waafrika ifuate mfano wa Hampton na Tuskegee, yaani kazi za mikono kwanza. Shule ya Jeanes, ya kufundisha walimu, iliyofunguliwa Kabete, Kenya, mwaka uliofuata ni tunda la fikra hiyo. Serikali ya kikoloni iliipenda fikra hiyo kwa sababu inazozijua yenyewe: fundi mwadilifu asiyedai kura alikuwa raia wa kutamanika. Msomi Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois alikuwa ameshaliona hilo mwaka 1903 alipomkosoa Washington kwamba ufundi usio na haki za kisiasa humwacha mtu mweusi bila kinga ya kile anachokichuma. Mimi nipo upande wa Du Bois, lakini siwezi kulicheka lile fagio.

Kitabu gani kinaonyesha bidii isiyolipa?

Viwili, na visomwe kwa mfuatano.

Cha kwanza ni *The Jungle* cha Upton Sinclair, 1906. Jurgis, mhamiaji kutoka Lithuania, ana nguvu za fahali na jibu moja kwa kila tatizo: nitaongeza bidii. Machinjio ya Chicago yanamla mwili, anapoteza nyumba aliyokuwa akiilipia, anapoteza mke na mtoto. Sinclair alitaka wasomaji wawalilie wafanyakazi. Wasomaji walishtushwa zaidi na uchafu wa nyama, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria za kukagua nyama na usafi wa vyakula na dawa. Wachinjaji wenyewe walisubiri sana.

Cha pili ni *The Grapes of Wrath* cha John Steinbeck, 1939, kilichofanywa filamu na John Ford mwaka uliofuata. Familia ya Joad inafukuzwa kwenye shamba Oklahoma, inaelekea California ikiwa imeshika kipeperushi kinachosema wachumaji wanahitajika. Njiani mtu aliyechakaa anawapigia hesabu: tajiri anahitaji watu 800, anachapisha vipeperushi 5,000, vinasomwa na pengine watu 20,000. Wanafika maelfu, na kila mmoja yuko tayari kuchuma kwa bei ndogo kuliko mwenzake. Mapichi yanalipwa senti 5 kwa boksi wakati wa mgomo. Mgomo ukivunjwa, senti 2 na nusu. Akina Joad si wavivu hata chembe, na ndiyo maana hesabu ile inauma: kadiri wanavyokuwa tayari kufanya kazi, ndivyo ujira unavyoshuka.

Ongeza hili: sheria ya kazi ya mwaka 1938, iliyoleta kima cha chini cha mshahara na kuelekea wiki ya saa 40, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Wachumaji kama akina Joad hawakuwamo.

Kwa nini *Death of a Salesman* inawaliza watu hata nje ya Marekani?

Tamthilia hii ya Arthur Miller ilianza kuchezwa New York Februari 1949, na mwaka 1983 Miller mwenyewe aliiongoza Beijing kwa waigizaji Wachina. Ililiza huko pia. Nadhani ni kwa sababu ya baba. Kila jamii ina baba aliyeitumikia kampuni kwa miaka mingi akaambiwa siku moja asante, nenda.

Willy Loman ni mchuuzi wa kampuni aliyezidi miaka 60, anayeendesha gari masafa marefu kuuza bidhaa ambazo Miller hatuambii ni nini. Anaingia kwa bosi wake kijana, Howard, kumwomba kazi ya mjini asisafiri tena. Howard anashughulika na mashine mpya ya kurekodi sauti. Willy anashuka bei mwenyewe, mshahara baada ya mshahara, hadi anafukuzwa. Anamwambia bosi kwamba huwezi kula chungwa ukatupa ganda; mtu si tunda.

Kaka yake Ben humjia kama ndoto, akijigamba kwamba aliingia msituni akiwa na miaka 17 akatoka na miaka 21, tajiri. Msitu huo uko Afrika, na utajiri wenyewe ni almasi. Msomaji wa huku kwetu asilipite hilo haraka. Ndoto inayomsumbua Willy jikoni kwake Brooklyn imechimbwa ardhini mwetu, na Ben hatamki hata neno moja kuhusu waliochimba.

Lakini sentensi ninayoipenda zaidi inatoka kwa mwanawe, Biff, kaburini: kwamba baba yao alijiweka zaidi katika ile baraza ya mbele aliyoijenga kwa mikono yake kuliko katika mauzo yake yote. Willy alikuwa fundi. Alijua kuchanganya saruji, alipenda kupanda mbegu. Kazi aliyoiweza na kuipenda hakuihesabu kuwa kazi, kwa sababu jirani hawezi kuona umaarufu ndani ya baraza. Hapo lile toroli la Franklin limegeuka msiba.

Filamu zinasema jambo tofauti na vitabu?

Mara nyingi filamu ni laini zaidi, kwa sababu mtazamaji analipia tumaini. *Rocky* ya 1976 ni mfano mzuri: mazoezi alfajiri, mayai mabichi, ngazi za jumba la makumbusho la Philadelphia. Watu husahau kwamba Rocky anashindwa pambano. Alichotaka ni kubaki wima hadi raundi ya mwisho, na kwa hilo ninaiheshimu filamu ile.

*The Pursuit of Happyness* ya 2006, Will Smith akiigiza maisha ya Chris Gardner, inapendwa sana kwetu. Semina nyingi za ujasiriamali huionyesha. Baba na mtoto wanalala chooni kwenye stesheni ya treni, mchana baba anavaa suti kujifunza udalali wa hisa bila malipo. Inagusa, nami nililia. Hata hivyo itazame tena ukiwaangalia wale vijana wengine katika mafunzo yale. Kati ya watu 20 anachukuliwa mmoja. Waliobaki 19 nao walikuwa wakiamka mapema.

Iliyo kali kuliko zote kwangu ni *Modern Times* ya Charlie Chaplin, 1936. Kiwanda cha Ford kule Highland Park kilianza kuunganisha magari kwenye mkanda unaotembea mwaka 1913. Mtu mmoja, tendo moja, siku nzima. Chaplin anakaza nati hadi mikono yake inaendelea kukaza hata baada ya kutoka kwenye mkanda. Kisha wanamfunga kwenye mashine ya kumlisha, ili asipoteze muda wa chakula cha mchana. Wanafunzi hucheka kwa dakika mbili, halafu kicheko kinakatika chenyewe.

Wanawake wako wapi katika haya yote?

Walikuwapo tangu mwanzo. Kalamu na kamera ndizo zilizochelewa. Anza na *A Raisin in the Sun* ya Lorraine Hansberry, 1959, tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kuchezwa Broadway, kwenye majumba makuu ya maonyesho ya New York, mwandishi akiwa na miaka 28. Walter Lee anaota biashara kubwa, lakini nyumba inaendeshwa na mama yake na mke wake, Ruth, wanaofanya kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu. Nafasi ya kuhamia nyumba yenye bustani inapotaka kuponyoka, Ruth anaapa kufanya kazi saa 20 kwa siku katika kila jiko la Chicago, mtoto akiwa amefungwa mgongoni. Mama wa Mwanza au Kisumu hahitaji tafsiri.

Kisha tazama *Norma Rae* ya 1979. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo anapanda juu ya meza, anainua kipande cha boksi chenye neno moja la kudai chama cha wafanyakazi, na mashine zinazimwa moja baada ya nyingine. Kelele iliyojaza filamu tangu mwanzo inakoma. Ukimya ule ndio hotuba yenyewe.

Mbona Wamarekani hawasherehekei Mei Mosi kama sisi?

Swali zuri, kwa maana Mei Mosi ilitokea kwao. Mwaka 1886 wafanyakazi waligoma wakidai siku ya kazi ya saa 8, na damu ikamwagika kwenye uwanja wa Haymarket, Chicago. Dunia ikaichukua tarehe hiyo. Marekani yenyewe, tangu 1894, huadhimisha siku ya kazi Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Yuko mhusika yeyote anayekataa kazi waziwazi?

Bartleby, katika hadithi ya Herman Melville ya 1853. Ni mnakili wa ofisi ya wakili, Wall Street. Siku moja anaombwa kazi ndogo, anajibu kwa upole kwamba angependelea asiifanye. Basi. Hagombani, hatoi sababu. Haielezeki kwa muhtasari, isome.

Kuna riwaya ya Mwafrika aliyekwenda kuitafuta ndoto hiyo?

Ipo *Behold the Dreamers* ya Imbolo Mbue wa Kamerun, 2016. Jende, kutoka Limbe, ni dereva wa mkubwa wa benki ya Lehman Brothers, benki iliyoanguka Septemba 2008. Kutoka kiti cha mbele anasikia simu zote. Mke wake Neni anasomea ufamasia, analea, anafanya vibarua. Watu wenye ndugu huko wanaofanya zamu mbili na kutuma fedha nyumbani watazijua sauti hizi. Uamuzi anaoufanya Jende mwishoni uligawa kikundi chetu nusu kwa nusu, kwa hiyo siutaji.

Sijawahi kusoma hata kimoja. Nianzie wapi?

Ukiwa na jioni moja tu, tazama *Nomadland* ya Chloé Zhao, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Mji wa Empire, Nevada, unakufa baada ya kiwanda chake kufungwa mwaka 2011, na mjane aliyezidi miaka 60 anaishi ndani ya gari, akifuata vibarua vya msimu: ghala la Amazon wakati wa Krismasi, shamba la viazisukari, jiko la mgahawa. Wengi wanaoonekana humo ni watu halisi wanaoishi hivyo.

Ukiwa na wiki, soma Douglass. Ni kitabu chembamba, utakimaliza. Ukifika pale Jumamosi usiku, bwana anapohesabu dola 6 kisha kusukuma senti 6 kumrudishia, simama kidogo kabla hujafungua ukurasa unaofuata.